Tangi Lipumue Kwanza

Mume wangu hafungui kitu kwa pupa. Kabati la nguo, akishavuta mlango, anarudi nyuma hatua mbili na kusimama kama mtu anayempisha mgeni atoke, ndipo aingize mkono kuchukua shati. Friji ni hivyohivyo. Sufuria ya maharage yaliyolala, anainua mfuniko kwa ncha za vidole, anageuza uso pembeni, anatulia kidogo, ndipo anachungulia. Watoto wetu walipokuwa wadogo walikuwa wakimwigiza mezani. "Baba anayaogopa maharage," walisema, na mwenyewe alicheka kuliko wote. Siku hizi akicheka, kicheko kinaishia kwenye kikohozi, na kikohozi kinakula pumzi aliyokuwa ameiweka akiba kwa maneno yanayofuata.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja mume wangu alivunja meli. Meli ikishazeeka, wenyewe huiuza kwa yadi ya kuvunjia. Siku maji yanapojaa sana inaletwa kwa injini yake yenyewe, inapanda ufukweni kwa nguvu zote, na maji yakishatoka inabaki pale imelalia ubavu. Hapo wanaume huingia kuichangua. Hutoka kwanza vyepesi: milango, vitanda, masinki, nyaya za shaba. Kisha injini. Mwisho unabaki mwili mtupu, na huo hukatwa kwa moto wa gesi, pande kwa pande, kila pande likivutwa nchi kavu kwa winchi, mtambo wa kuvutia kwa kamba ya chuma. Baada ya miezi sita au saba, mahali palipokuwa na jumba la chuma panabaki mchanga mweusi wa mafuta.

Wenzake walimwita Chaki, na mimi nimezoea kumwita hivyo akiwa hayupo. Kipande cha chaki kilikaa nyuma ya sikio lake la kulia asubuhi hadi jioni, na mara nyingine alirudi nacho mpaka kitandani. Sijui nimefua foronya ngapi zenye alama nyeupe. Yeye ndiye aliyewatangulia wakataji, akichora pa kupitisha moto. Na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa matangi.

Tangi la meli lililofungwa muda mrefu ni kitu kibaya. Ukiligonga kwa nje unasikia tupu, limetulia, halina neno. Lakini ndani yake masalia ya mafuta yametoa mvuke mwezi baada ya mwezi, na mvuke huo umekaa gizani unangoja cheche moja. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Unafungua vifuniko viwili, kimoja kila upande, unauacha upepo ulipitie mpaka kesho yake saa ileile. Wao walisema tangi linapumua. Kisha unateremsha kwa kamba kitambaa cheupe kilicholowa maji, unakiacha kule chini muda wa kunywa kikombe cha chai, unakivuta juu, unakinusa. Kikinuka mafuta, tangi linaachwa siku nyingine. Kisiponuka, unachora duara kubwa ubavuni. Duara maana yake, kata. Pasipo duara hakuna mtu aliyewasha moto, hata bosi wa yadi aseme nini.

Pua ya Chaki ilisifika. Wenzake walisema anaweza kukusalimia tu akajua juzi ulikula nini na ulikula kwa nani. Yadi za jirani zilikuja kumwazima, kama watu wanavyoazimana ngazi. Naye alijisikia, nisimsingizie unyenyekevu ambao hakuwa nao. Alitembea pua mbele.

Mdogo wangu wa kiume, yule aliyenipokea ziwa, alikuwa mkataji katika kundi lake. Mimi ndiye niliyemwomba mume wangu amtafutie nafasi. Wakawa wanataniana shemeji kwa shemeji kutwa nzima, mdogo wangu akisema dada yangu ulimpata kwa bahati tu, mume wangu akimjibu, wewe ulivyokuwa mwembamba nilidhani nimeoa na fimbo ya nyumba hiyo. Mdogo wangu alikuwa mtu wa haraka tangu utotoni. Alikula akitembea. Shati alilivalia njiani. Kwa hiyo siku aliyofia ndani ya tangi lililolipuka, miaka ishirini na miwili iliyopita, na watu wa yadi wakaandika kwamba marehemu alikata kabla ya muda, sikuuliza mara mbili. Nilisema ndani ya moyo wangu, haraka zake.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko ninasali, na katika sala yangu marehemu alikuwa na neno lake: Mungu, msamehe haraka yake.

Mume wangu hakushika tena chaki. Wiki ya pili baada ya maziko alikwenda kumkabidhi msimamizi kipande chake, akaomba wampe kazi ya kuchuna nyaya. Kutoka mtu wa mbele mpaka mchuna nyaya; watu walishangaa. Mimi nilidhani ni uchungu wa shemeji yake. Alichuna nyaya mpaka kifua kilipomkataza, ni mwaka wa nne sasa.

Hayo niyaache hapo kwanza, nimlete mtoto wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda.

Kitinda anatengeneza michezo ya kompyuta. Ilinichukua kama miaka miwili kuelewa anachofanya, na watu wakiniuliza nilisema tu yuko kwenye mambo ya kompyuta, nikageuza mazungumzo. Mchezo wanaoutengeneza ofisini kwao ni wa kubaki hai. Mchezaji ni mtu aliyeokoka kwenye ajali ya baharini, ametupwa kwenye pwani isiyo na watu. Atafute maji, ajenge kibanda, asiue mwili wake kwa njaa wala kwa baridi. Kwenye pwani hiyo pamejaa mabaki ya meli. Hapo mwanzo yalikuwa mapambo tu, mchezaji anayapita. Wachezaji wakalalamika: mtu ana shida ya bati la kuezekea, na bati lote lile liko mbele yake, kwa nini haruhusiwi kulichukua? Ofisi ikaamua kuwaruhusu. Kitinda akapewa kazi hiyo, avunje meli ndani ya kompyuta.

Alikuja Jumapili moja na daftari.

"Baba, meli inavunjwaje?"

Baba yake alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. "Unataka ya kweli au ya kuchezea?"

"Ya kweli. Ya kuchezea nitaipunguza mwenyewe."

"Basi vuta kiti. Na nipe ule mto wa mgongo, haya si ya dakika tano."

Zilikuwa Jumapili nne. Sijamsikia akizungumza vile tangu tuoane. Aliniagiza nimtafutie chaki, nami nikatafuta, na nilipomwekea mkononi aliitazama kwanza kama mtu aliyeletewa salamu na asiyetaka kujua zimetoka kwa nani. Kisha akainama, akaichora meli kwenye sakafu yetu ya saruji, kutoka mlango wa jikoni mpaka miguu ya kochi: sitaha hii, vyumba vya mabaharia hivi, chumba cha injini, matangi haya sita. Kwa mwezi mzima nilifagia nikiizunguka.

"Mama, umekanyaga sitaha," Kitinda aliniambia.

"Sitaha imekaa kwenye njia ya jikoni. Mtakula chuma?"

Jumapili ya tano mtoto alikuja bila daftari. Alikaa muda, akachezea kishikizo cha mkoba wake, akasema bosi wao ameona kazi yote na ameipenda, isipokuwa jambo moja.

"Kungoja. Anataka kungoja kutoke. Anasema kitambaa kinatosha. Mchezaji ateremshe kitambaa, kikitoka na manjano aache, kikitoka cheupe akate saa hiyohiyo. Kumngojesha mtu siku nzima ya mchezo, anasema, watachoka, wataufunga na hawatarudi."

"Kitambaa hakitoshi," alisema mume wangu.

"Ni mchezo, Baba."

"Hata mchezoni hakitoshi." Hakupandisha sauti, hana tena ya kupandisha. Alishika mikono ya kiti kwa viganja vyote viwili. "Mengine yote nimekuachieni. Vitanda punguzeni, nyaya punguzeni, meli ipakeni rangi ya waridi mkitaka. Jina langu msiliweke popote. Nataka hili moja tu, pasiwe na mtu atakayekata tangi ambalo halijapumua. Huyo bosi wako yuko lini?"

"Anaamua Alhamisi. Ikipita hapo mchezo unatolewa kwa watu. Lakini ofisi iko ghorofa ya tatu, Baba."

"Si kuna ngazi?"

"Ndiyo tatizo. Kuna ngazi tu."

Alhamisi nilibeba dawa yake ya kuvuta na chupa ya maji, tukaenda. Jengo lenyewe chini ni duka la magodoro, juu yake mafundi cherehani, juu yao chumba kitupu chenye mlango uliovunjika kitasa, kisha ofisi ya kina Kitinda. Alipanda ngazi tano, akasimama. Tano nyingine, akasimama. Penye mafundi cherehani alikaa kwenye benchi la wateja, na kijana wa kike aliyekuwa akipiga pasi alimwuliza, "Mzee, nikushike mkono nikupandishe?"

"Kama una winchi, sawa," alimjibu.

Ilituchukua karibu nusu saa. Kitinda alitufungulia mlango, na baba yake, badala ya kuingia, akasimama hatua mbili nje. Bosi wa pale alikuwa ameshanyoosha mkono wa salamu, ukabaki unaelea. Ni kijana wa kama miaka thelathini, mpole, wafanyakazi wake wanamwita Miwani na mwenyewe anaitika.

"Shikamoo Mzee. Karibu ndani, mbona umebaki huko?"

"Marahaba. Nakipa chumba nafasi."

Kitinda akainamisha kichwa kucheka. Mle ndani mlikuwa na meza sita, feni moja iliyogeuza shingo huku na huku kama inayosikiliza kila mtu kwa zamu, na nyaya zimetambaa sakafuni kila mahali. Chaki alizitazama nyaya hizo kwa makini. "Shaba nyembamba hii," aliniambia kwa sauti ya chini, na nilimfinya kiganja anyamaze.

Walimpa kiti mbele ya kioo cha kompyuta, mimi wakanipa kingine karibu na mlango. Ile meli ilipotokea, alisogeza uso. Alitazama muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Nani amechora hii kutu?"

"Mimi, Mzee," alisema msichana wa meza ya pembeni. Yeye ndiye mchoraji wao.

"Umejitahidi. Ila kutu haianzi katikati ya bati, mwanangu. Inaanza kwenye mshono, pale bati moja linapolalia jingine. Maji yanajificha pale."

Msichana akaandika. Chaki alipewa pedi ya kuchezea, akaigeuza chini juu, akamrudishia Kitinda, akawa anamwelekeza kwa mdomo kama alivyokuwa akiwaelekeza wakataji. Panda kushoto. Hapo pana kifuniko. Zungusha nati. Kitambaa kikateremshwa, kikapandishwa cheupe, duara likachorwa, moto ukawaka, pande la chuma likaanguka mchangani kwa kishindo. Kwa muda nilimwona mume wangu niliyeolewa naye, shingo imesimama.

Kisha Miwani akavuta kiti, wakakaa ana kwa ana.

"Mzee, Kitinda ameniambia umekuja kwa ajili ya kungoja. Nakuelewa. Lakini na wewe nielewe. Mtu ametoka kazini, amechoka, ana saa moja tu ya kucheza. Nimwambie akae alitazame tangi?"

"Nani amesema alitazame? Sisi tulikuwa tunalitazama?"

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunafungua vifuniko, tunaondoka. Tunakwenda kung'oa vitanda. Siku nyingine tunavua samaki nyuma ya meli, siku nyingine tunalala kwenye kivuli chake. Tangi halitaki mtu wa kulitazama. Linataka liachwe."

Miwani akatazama dari, akahesabu kitu kwa vidole. "Hilo linawezekana," alisema. "Afungue, aende zake kutafuta maji, arudi. Lakini bado sioni haja. Kama kitambaa kipo, na kitambaa hakidanganyi, kungoja ni kwa nini?"

"Kitambaa chetu hakikuwa cha kutazama kwa macho. Kilikuwa cha kunusa."

"Sawa, cha kunusa. Na nasikia pua yako yadi nyingine walikuwa wanaiazima."

"Na mwenye pua akiwa na mafua?"

Wakacheka wote, mchoraji akaweka mkono mdomoni. Hata mimi nilitabasamu, maana nilidhani ni moja ya zile zake. Ila yeye hakucheka. Aliitazama mikono yake.

"Siku ile nilikuwa na mafua, siku yake ya tatu," alisema. "Sikumwambia mtu. Watu wamekuja kukuazima kwa pua, utawaambiaje leo pua haipo? Na maji yalikuwa yanajaa kesho yake, winchi ilitakiwa ivute kabla. Tangi tulilifungua asubuhi. Mchana nikasema, kitambaa kitaniambia. Nikakiteremsha, nikakivuta, nikakinusa. Sikusikia harufu yoyote. Nikachora duara."

Alikatiza hapo kutafuta pumzi. Niliinuka na dawa, akanizuia kwa mkono bila kunitazama.

"Kijana akaja na moto wake. Mtu wa haraka, kila mtu anajua. Siku hiyo akasimama. Akaniuliza, shemeji, hili si tumelifungua leo? Nikamwambia, duara unaliona au hulioni?"

Feni iligeuka mpaka mwisho, ikarudi.

"Akaliona," alisema mume wangu.

Kitinda alinitazama, nami nikatazama karatasi ya dawa niliyokuwa nimeishika, matone mawili asubuhi, mawili jioni. Dawa ile si ya matone. Sijui nilikuwa nasoma nini.

Miwani alivua miwani yake. Hakujua kijana huyo ni nani, na sisi hatukuwa tumemwambia. "Pole sana, Mzee," alisema, na nilisikia anamaanisha. Lakini ni mtu na kazi yake, na nilimwona wazo likimjia usoni kabla hajalizuia. "Ila hiyo ya mafua," alisema polepole. "Mchezaji wetu tayari anapata mafua akikaa sana majini. Sasa akiwa na mafua, kitambaa kitamtokea cheupe kila mara. Ataona salama, kumbe si salama. Hakuna kitakachomwokoa ila kuwa amengoja." Akarudisha miwani. "Hiyo ni nzuri sana. Kweli ni nzuri."

"Bosi," alisema Kitinda.

"Nini?"

"Alikuwa mjomba wangu."

 Miwani alisimama, akaja mpaka kwenye kiti changu karibu na mlango, akainama kama watu wanavyowainamia mama zao, akasema, "Nisamehe, Mama." Nilimwambia hana kosa. Na hakuwa nalo.

Waliandika palepale. Vifuniko viwili vifunguliwe, mchezaji aende zake, na moto usikubali kuwaka mpaka jua la mchezo lihamie upande wa pili, ambayo kwao ni dakika ishirini. Miwani aliuliza, "Inatosha, Mzee?"

"Kwa tangi la kweli haitoshi," mume wangu alisema. "Kwa mtu aliyechoka, mwenye saa moja, ataelewa."

Hivyo alichokifuata alikipata.

Kushuka ni kwepesi kwa kifua, lakini kwenye ghorofa ya pili, penye ule mlango uliovunjika kitasa, aliomba tukae. Tulikaa kwenye ngazi, mimi ngazi ya juu, yeye ya chini yangu.

"Mama Kitinda."

"Abee."

"Umesikia."

"Nimesikia. Mimi na watu sita na feni."

"Nilitaka nikuambie mimi. Kule ilitoka yenyewe. Kwako ilikuwa haitoki."

"Kwa nini ulikubali waseme ni haraka zake?"

"Waliandika kabla sijafungua mdomo. Kisha sikuufungua."

"Miaka ishirini na miwili."

"Ndiyo."

Sitasema uongo hapa. Nilitaka kuinuka nimwache pale na kifua chake, ashuke anavyojua. Hasira yenyewe haikuwa kubwa, nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokasirika. Nilikuwa nafikiria sala yangu. Asubuhi ngapi hizo, jiko halijawashwa, nimepiga magoti namwombea marehemu asamehewe haraka, na siku ile ya mwisho ndiyo siku pekee katika maisha yake aliyosimama akauliza. Aliuliza, na akatii. Nilikuwa nampelekea Mungu kosa lisilo la mwenyewe.

Wanaume wawili wakatokea chini wamebeba godoro kubwa la futi sita, wanalipandisha sijui kwa nani. "Tupisheni jamani, godoro halina breki," alisema wa mbele. Ikabidi tusimame, tubanane ukutani, mimi na mume wangu uso kwa uso, na godoro likapita mgongoni kwangu likinisukuma kwake. Alikuwa anahema. Nilimwekea dawa mdomoni, nikambonyezea, akavuta.

"Twende nyumbani," nilimwambia.

Siku zilizofuata sikumnunia. Nilipika, akala. Nilimpashia maji, akaoga. Jirani akija nilicheka naye. Ila maneno ya kwangu mimi na yeye yaliisha, sikuyatafuta, na yeye hakuyadai. Aliketi dirishani. Ile meli ya sakafuni niliipigia deki siku ya Jumamosi, na nilipomaliza niliona nimeruka tangi moja lile la karibu na kochi. Nililiacha.

Asubuhi ya kwanza baada ya ofisini sikuweza kusali. Nilipiga magoti tu, nikainuka. Ya pili niliondoa lile neno la mdogo wangu. Nilimwambia Mungu, yule niliyekuwa nakuletea kila siku hakuwa na kosa hilo, Wewe ulijua, nami sikujua, niwie radhi. Nikalia kidogo, si sana. Ya tatu nilijaribu kumweka mume wangu mahali pake. Neno la msamaha lilifika kooni likakaa. Nikangoja. Halikutoka, na Mungu hakubali maneno ya kumfurahisha tu, kwa hiyo nilisema nililokuwa nalo kweli: Mungu, mpe pumzi. Nimekuwa nikisema hilo mpaka leo. Jingine nadhani liko njiani, mimi silikimbilii.

Mwezi uliofuata Kitinda alikuja na kompyuta yake ya kubeba, mchezo umetoka, watu wanaucheza. Alisema wapo wanaolalamika na wapo walioelewa, na mmoja ameandika kwamba alikwenda kulala kweli, usingizi wa kweli, na tangi limefunguliwa. Baba yake alifurahi sana na huyo. Aliomba acheze mwenyewe safari hii. Vidole vyake ni vigumu, vilimtoroka mara nyingi, mtu wake alitumbukia majini mara mbili. Hatimaye alipanda sitaha, akafungua kifuniko cha kwanza, akatembea mpaka mwisho, akafungua cha pili.

Kisha akaiweka ile pedi juu ya meza.

"Baba, unaweza kwenda kutafuta kuni huku ukingoja," Kitinda alimwambia. "Mtu wako ana baridi. Alitumbukia."

"Najua. Atakuwa na mafua huyo. Mwache akae."

Nilikuwa nachambua mchele mlangoni mwa jikoni. Aligeuza shingo, akanitazama. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Nilichukua ungo wangu nikaenda kukaa pale, karibu naye, tukitazama kile kioo, meli imelala, vifuniko viwili viko wazi, jua lao dogo linasogea. Nilichambua. Yeye alihema. Kitinda alikwenda jikoni kutuwekea chai.

"Tayari hilo?" nilimwuliza baada ya muda, kwa kuwa mimi sijui.

"Bado kidogo," alisema.

Nikaendelea na mchele.